Senti moja kwa nakala: Scott Joplin na opera iliyokosa jukwaa

Mwaka 1915, katika ukumbi wa Lincoln Theatre, barabara ya 135 mtaani Harlem, New York, mtu mmoja aliketi kwenye piano akapiga opera nzima, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, peke yake. Okestra haikuwepo. Jukwaa lilikuwa tupu, halina mapambo, na waimbaji hawakuwa na mavazi ya maigizo. Walisimama wakaimba sehemu zao walizozifanyia mazoezi kwa muda mrefu, na yeye kwa vidole kumi akawa ndiye fidla, ndiye tarumbeta, ndiye ngoma. Waliokuja kusikiliza walikuwa wachache, na matumaini yalikuwa kwamba kati yao angejitokeza mwenye fedha akasema kazi hii naibeba mimi. Walisikiliza, wakaondoka. Hakujitokeza mtu.

Aliyekuwa kwenye piano ni Scott Joplin. Miaka 16 kabla ya hapo alikuwa ametoa "Maple Leaf Rag", kipande cha piano kilichoifanya ragitaimu, mtindo wa Weusi wenye mapigo yanayokwepana, kuwa muziki wa Marekani nzima. Wapiga piano walijipima kwa kipande hicho, na watu waliokuwa hawajawahi kufika Missouri walimjua kwa jina. Ilikuwaje basi mtu wa namna hiyo akose hata jioni moja ya kuonyesha kazi aliyoipenda kuliko zote?

Majibu yanayozoeleka ni matatu: alikuwa mgonjwa, alikuwa Mweusi katika nchi ya ubaguzi, na opera yenyewe haikuwa nzuri kiasi hicho. Mawili ya kwanza yana ukweli mzito. La tatu silikubali, na nitaeleza kwa nini. Lakini hata ukiyaweka pamoja hayo matatu, bado kuna jambo limeachwa nje, nalo liko kwenye karatasi moja iliyosainiwa mwaka 1899 katika mji wa reli uitwao Sedalia, jimboni Missouri.

Mkataba

Tarehe 10 Agosti 1899 Joplin aliweka saini na John Stark, mzungu wa makamo aliyekuwa na duka la muziki pale Sedalia, ambaye kabla ya kuuza piano aliwahi kuuza aiskrimu. Wakili kijana, Robert Higdon, alimsaidia Joplin kuuandaa. Mkataba wenyewe ni mfupi. Stark atachapisha "Maple Leaf Rag" na kumlipa mtunzi mrabaha wa senti 1 kwa kila nakala itakayouzwa. Mtunzi atapewa nakala 10 bure, na akitaka zaidi atazinunua kwa senti 5 moja. Dukani, nakala isiuzwe chini ya senti 25.

Senti moja kati ya ishirini na tano ni kidogo, na ni rahisi kwa msomaji wa leo kuona kwamba Joplin alipunjwa. Tazama lakini wenzake walivyokuwa wakiishi. Mtunzi Mweusi wa wakati ule alipeleka wimbo kwa mchapishaji, akapewa dola chache mkononi, mlango ukafungwa. Wimbo ukivuma, ni neema ya mwenye duka. Joplin mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja hilo mapema mwaka huohuo. "Original Rags" aliitoa kwa Carl Hoffman wa Kansas City, na kwenye jalada lake jina la mtu mwingine likawekwa kama mpangaji wa muziki. Mtu aliyetoka kwenye jambo hilo, miezi michache baadaye akadai fungu katika kila nakala, alikuwa ameona mbali.

Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 400, na liliuzwa kwa muda wa kama mwaka mzima. Piga hesabu: dola 4. Kisha mambo yakageuka. Hadi mwaka 1909 inakadiriwa nakala nusu milioni zilikuwa zimeuzwa, yaani kama dola 5,000 kwa miaka kumi. Hizo si fedha za kumtajirisha mtu, lakini zilikuwa zikiingia bila kukoma, na zilimtoa Joplin kwenye kazi ya kupiga piano usiku kucha katika baa na madanguro. Alipata muda wa kukaa chini akaandika.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na wanaousifu mkataba ule kisha wakaendelea na simulizi. Senti ile moja ilimlisha, na pia ilimfunza somo. Ilimwambia kwamba muziki wako ukiuandika sawasawa kwenye karatasi na jina lako likawa juu yake, karatasi hiyo itatembea yenyewe. Kwa ragitaimu hilo lilikuwa kweli kabisa. Zama zile redio haikuwepo na santuri zilikuwa bado za wachache. Karatasi ya nota ndiyo ilikuwa santuri, ndiyo redio. Binti wa duka la nguo mji fulani anainunua kwa robo dola, anaipeleka nyumbani, anaketi kwenye piano ya sebuleni, na Joplin yumo chumbani mwao. Hakuhitaji kuombwa wala kuruhusiwa. Somo hilo alilibeba hadi kwenye opera, na kwa opera halikuwa kweli.

Alikotoka

Vitabu vingi bado vinarudia kwamba alizaliwa tarehe 24 Novemba 1868. Haiwezekani, maana sensa ya katikati ya mwaka 1870 ilimkuta na miaka miwili tayari. Alizaliwa kaskazini mashariki mwa Texas, akakulia Texarkana, mji uliokaa mpakani mwa Texas na Arkansas. Baba yake, Giles, alikuwa amezaliwa mtumwa. Mama yake, Florence, alizaliwa huru. Baba alipiga fidla, mama aliimba na kupiga banjo. Florence alipokwenda kufanya usafi kwenye nyumba za wazungu alimchukua mtoto, na mtoto akapata kugusa piano ya mwenye nyumba wakati mama anapiga deki.

Kisha akaja Julius Weiss, mwalimu Myahudi kutoka Ujerumani, ambaye alimsikia kijana huyo akamfundisha bila malipo. Weiss hakumfundisha vidole tu. Alimwonjesha muziki wa Ulaya, ikiwemo opera, akamtia wazo kwamba muziki ni elimu na si burudani peke yake. Mtu akikutana na wazo hilo akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, katika nchi ambayo miaka michache nyuma watu wa kabila lake walikuwa wakinunuliwa, halimtoki tena. Tutalikuta mwishoni limekuwa kiini cha "Treemonisha", opera ile ya Harlem.

Ragitaimu yenyewe unaweza kuionja hapo ulipokaa. Gonga meza kwa mkono wa kushoto, moja, mbili, moja, mbili, bila haraka, kama anayetwanga. Sasa mkono wa kulia ugonge pale ambapo wa kushoto umenyamaza, halafu pigo moja ulivute lipite juu ya "moja" bila kulikanyaga. Ukishaipata utaona mwili wenyewe unataka kuyumba. Aliyekulia karibu na ngoma hahitaji kuelezwa zaidi: ngoma kubwa inashika njia, chapuo linapita pembeni. Weusi wa Marekani walikuwa wakipiga hivyo tangu zamani kwa banjo, kwa makofi na kwa miguu. Alichofanya Joplin ni kuuweka mtindo ule kwenye nota kwa uangalifu wa mshona kofia, kila pigo mahali pake, kisha akachapisha onyo juu ya ukurasa kwamba kipande hiki kisipigwe kwa kasi, na kwamba si sahihi kamwe kuipiga ragitaimu kwa kasi. Mimi "The Entertainer", ya mwaka 1902, niliisikia kwanza kwenye kinanda cha kuchezea cha watoto, kimebonyezwa kitufe na kinakimbia kama kinafukuzwa. Ilinichukua miaka kuisikia ikipigwa kwa mwendo alioutaka mwenyewe. Kwa mwendo huo ina huzuni ndani yake.

Onyo la kwanza, 1903

Kabla ya "Treemonisha" kulikuwa na opera nyingine. Mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Weusi, kula naye chakula cha jioni Ikulu. Magazeti ya Kusini, kwenye majimbo yaliyokuwa ya utumwa, yalichafukwa kuona Mweusi ameketi meza moja na rais. Joplin aliandika opera juu ya chakula kile, "A Guest of Honor", akaunda kikundi na kuanza ziara mwaka 1903. Ziara ikavunjika njiani. Mapato yaliibwa, madeni ya malazi yakabaki, na mizigo ya kikundi ikashikiliwa. Maombi ya hakimiliki yalikuwa yamepelekwa serikalini, mji mkuu wa Washington, lakini nota zenyewe hazikuwahi kukabidhiwa. Hadi leo hazijaonekana. Opera nzima imepotea, haijabaki hata ukurasa.

Huo ndio ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba opera haisafiri kama karatasi ya senti 25. Inahitaji mtu wa kulinda fedha, mtu wa kukodi ukumbi, nauli, chakula cha waimbaji, dhamana. Joplin, nadhani, alisoma somo tofauti. Kilichomuuma ni kwamba nota hazikuchapishwa. Zikichapishwa hazipotei. Hakukosea, na kwa sababu hiyo sisi leo tunayo "Treemonisha". Ila ilikuwa nusu tu ya somo.

Mwaka uliofuata ulimpiga pigo jingine. Juni 1904 alimwoa Freddie Alexander, msichana wa miaka 19, huko Little Rock, Arkansas. Septemba 10 mwaka huohuo Freddie alifariki kwa nimonia. Hawakutimiza miezi mitatu.

Kurasa 230

Joplin alihamia New York mwaka 1907. Stark alikuwa huko pia, lakini uhusiano wao ulikuwa ukielekea ukingoni. Biashara ya nota ilikuwa imejaa waigaji wa bei rahisi, Stark hakutaka tena kulipa mirabaha, na kufikia 1909 wakaachana. Angalia uzito wa jambo hilo: fungu katika kila nakala, lile lililomfanya Joplin kuwa Joplin, ndilo lililowatenganisha.

Mei 1911 aliichapisha "Treemonisha" kwa fedha zake mwenyewe. Kurasa 230, matendo matatu, vipande 27, maneno na muziki vyote vyake. Ulikuwa mpangilio wa piano na sauti, si wa okestra.

Kisa chake kinatokea Septemba 1884 kwenye shamba kubwa la Arkansas, karibu na Texarkana, yaani nyumbani kwake. Ned na Monisha, walioachwa huru kutoka utumwani, hawana mtoto. Wanaokota kichanga chini ya mti mbele ya kibanda chao. Wanamlea, na akifika umri wa kusoma wanaingia makubaliano na mama mmoja wa kizungu: Ned atampasulia kuni, Monisha atamfulia na kumpigia pasi, naye amfundishe binti yao. Treemonisha anakuwa mtu pekee aliyesoma katika jamii ile. Anakuja mganga, Zodzetrick, kumuuzia Monisha mfuko wa bahati. Sisi tungeuita hirizi, na tungeelewa papo hapo kinachouzwa na kwa nini mama yule anaitaka. Binti anamkatalia mganga. Waganga wanamteka, wanataka kumtupa kwenye kiota cha nyigu. Rafiki yake Remus anajivika kama sanamu ya kutishia ndege, anawatimua, anamwokoa. Watu wanataka kuwapiga waganga. Treemonisha anazuia, anasema waachwe huru. Kisha jamii inamwomba awe kiongozi wao.

Binti Mweusi wa miaka 18 anachaguliwa na watu wake kuwaongoza kwa sababu amesoma na kwa sababu amesamehe. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kura kitaifa mwaka 1920. Joplin aliandika hayo mwaka 1911, na simulizi yake aliiweka 1884. Nikisoma makubaliano yale ya kuni na nguo nashindwa kutomwona Florence na ndoo yake, na Weiss akimfundisha mtoto bila kudai kitu.

Je, haikuwa nzuri? Juni 1911 jarida la muziki la New York, American Musician and Art Journal, lilitoa uhakiki mrefu wa sifa, likiiona kama njia mpya kabisa katika sanaa. Udhaifu upo: maneno yake mara nyingine ni mepesi kama ya kitabu cha shule, na simulizi inakwenda kwa kuruka. Opera nyingi za Ulaya zinazopigwa kila mwaka zina visa dhaifu kuliko hiki. Muziki wa kwaya wa "Treemonisha", hasa wito wa "Aunt Dinah Has Blowed de Horn" wafanyakazi wanapoitwa kutoka shambani, unakunyanyua kwenye kiti. Kazi yenyewe haikuwa kikwazo.

Kwa nini hakupata jukwaa

Kumbi kubwa za opera zilikuwa zimefungwa kwake. Metropolitan Opera ya New York haikumpa mwimbaji Mweusi nafasi ya kuimba kama mhusika hadi Januari 1955, alipopanda Marian Anderson. Mlango huo Joplin asingeufungua hata kwa afya ya ng'ombe dume.

Zilibaki kumbi za Harlem. Zilikuwa na watazamaji wake, ila biashara yake ilikuwa vichekesho na nyimbo fupifupi, na wengi wa waliokaa humo walikuwa wameikimbia Kusini. Shamba la pamba, kibanda na mganga ni mambo waliyoyaacha nyuma kwa makusudi. Hoja hii hutolewa sana nami naikubali nusu. Uchungu upo kwamba opera yenyewe ilihusu kutoka gizani kwenda mbele. Lakini ili mtazamaji aone mwendo huo lazima auone: lazima aone kibanda, mti, sanamu ya shambani ikitembea, kijiji kikicheza. Ukimpa piano moja na watu waliosimama wima, anachobaki nacho ni shamba bila safari ya kutoka shambani.

Ndiyo maana narudi kwenye ile senti. Joplin alifikiri kuwa nota zikiwepo kazi ipo. Miaka minne alizunguka na kurasa 230 mkononi akitafuta mdhamini, akifundisha piano, mkewe wa tatu, Lottie, akipangisha vyumba ili maisha yaende. Alitumia nguvu zake za mwisho kuandika sehemu za okestra, rafiki yake Sam Patterson akimsaidia kunakili. Alikuwa na kila kitu kinachoweza kuandikwa. Alichokosa ni mtu wa pili: mwenye ukumbi, mweka hazina, chama, Stark wa opera. Mapatano ya 1899 yalikuwa na pande mbili, na kwa "Treemonisha" upande wa pili ulibaki mtupu.

Na ugonjwa ulikuwa ukiingia. Kaswende ya muda mrefu ilikuwa imefika kwenye ubongo. Mwaka 1916 alirekodi karatasi za matundu za piano ya kujiendesha, na katika moja ya "Maple Leaf Rag" mapigo yanapepesuka, kazi ya mtu ambaye vidole vimeanza kumsahau. Mapema mwaka 1917 alilazwa, akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwenye kisiwa cha Ward, na tarehe 1 Aprili akafariki, hajafika miaka 50. Lottie alisimulia baadaye kwamba mumewe alikuwa ameomba "Maple Leaf Rag" ipigwe kwenye mazishi yake, na siku ilipofika yeye akakataa kwa kuona haifai msibani. Alijuta maisha yake yote. Kaburi lake katika makaburi ya St. Michael's, Queens, lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1974.

Baada ya miaka 57

Kurudi kwake kulipitia karatasi, kama alivyoamini. Mwaka 1970 Joshua Rifkin alirekodi vipande vyake kwenye piano kwa mwendo wa heshima. Mwaka 1971 maktaba kuu ya New York ilitoa kazi zake zilizokusanywa na Vera Brodsky Lawrence. Filamu "The Sting" ya 1973 iliipeleka "The Entertainer" kila pembe ya dunia, na mwaka 1976 Joplin akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, akiwa kaburini.

"Treemonisha" ilipanda jukwaani kikamilifu Januari 1972 mjini Atlanta, kwa ushirikiano wa okestra ya mji huo na Morehouse College, chuo cha kihistoria cha Weusi. Robert Shaw aliongoza muziki, Katherine Dunham akaongoza jukwaa. Mwaka 1975 ikaja ya Houston, ikafika hadi Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York. Lakini zile sehemu za okestra alizozitolea jasho na Patterson zilikuwa zimepotea. T. J. Anderson alilazimika kuzitunga upya kwa ajili ya Atlanta, na Gunther Schuller kwa ajili ya Houston. Kile ambacho Joplin alikisikia kichwani usiku ule wa Lincoln Theatre, fidla zake, tarumbeta zake, hatukijui.

Kitu kimoja hakikupotea. Opera inaishia kwa dansi, "A Real Slow Drag", kijiji kizima kikimzunguka kiongozi wake mpya. Kwenye nota za 1911, kabla ya dansi hiyo, Joplin alichapisha maelekezo kwa wachezaji: anza kwenye pigo la kwanza, ukienda mbele buruta mguu wa kushoto, ukirudi nyuma buruta wa kulia, ukienda upande wa kulia buruta wa kushoto. Aliyaandika wakati hana mchezaji hata mmoja.